Chokaa Katika Mshipa wa Mkaguzi

4 Februari

Mwanangu,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita niliipokea, nami naijibu kwa maandishi: marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa naye hajambo, ila goti lake la kushoto limeanza kumpa habari za mvua kabla ya redio. Paa la jikoni limezibwa. Jirani yetu fundi viatu amenunua jogoo asiyejua saa. Anawika adhuhuri, na kila akiwika mama yako mkubwa humjibu.

Unalalamika kwamba sipendi simu. Simu ni ya salamu. Jambo la maana huandikwa, na aliyeandika hubaki na nakala. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka thelathini na minne katika ofisi ya vipimo na mizani, na hakuna aliyewahi kunisingizia neno nisilolisema.

Umeniandikia, kwa mistari miwili tu, kwamba umehamishiwa kwenye mashine ya leza inayozibua mishipa ya moyo. Mistari miwili haitoshi. Mashine hiyo hupimwa na nani? Hupimwa mara ngapi kwa mwaka? Nani hutia sahihi? Nimewahi kuona leza ikikata bati katika karakana ya milango ya chuma, na cheche ziliruka hadi barabarani. Sielewi kitu cha namna hiyo kinaingiaje ndani ya mtu, kisha mtu akatoka mzima.

Tumeshusha kitanda. Sasa tunalala sebuleni, kwa kuwa chumba cha juu kina joto.

Msalimie mama yako, kama atazipokea salamu.

Baba yako mkubwa


23 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo,

Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, na miguu inavimba jioni kwa sababu ya fulana nzito ya madini ya risasi tunayovaa kujikinga na eksirei. Mama hajambo. Ameanza tena kushona sare za shule. Salamu zako nilimfikishia kwa simu. Badala ya kuzijibu akaniuliza kama nimekula.

Sasa nijibu maswali yako, maana najua nisipoyajibu yote utanirudishia barua kwa wino mwekundu. Mashine hupimwa kabla ya kila mgonjwa. Naweka ncha ya mrija mbele ya kidirisha cha kipimo, nabonyeza, nasoma nguvu ya mwanga, naandika, natia sahihi. Mwenzangu husoma tena na kutia ya pili. Umefurahi?

Hii si leza ya kukata bati. Mrija wenyewe ni mwembamba kama njiti ya ufagio, na ndani yake mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Daktari huuingiza kwenye kifundo cha mkono na kuupeleka hadi kwenye mshipa wa moyo, juu ya waya ulio kama unywele. Mgonjwa yuko macho wakati wote. Wapo wanaouliza matokeo ya mpira. Mwanga hutoka kwa mapigo mafupi mno, hauunguzi kama moto. Huipasua chokaa iliyogandamana ukutani mwa mshipa ikawa vipande vidogo ajabu, ili puto dogo tunalolivimbisha humo lipate nafasi ya kuufungua mshipa. Si kila mgonjwa anayefaa. Wagonjwa wetu wengi huletwa puto likishashindwa.

Nami nina swali moja tu. Nyumba hiyo mmekaa miaka thelathini. Chumba cha juu kimeanza lini kuwa na joto?

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Jogoo ameuzwa.

Maelezo yako juu ya mashine yameniridhisha, isipokuwa mahali ulipoandika "vidogo ajabu". Ajabu si kipimo.

Kuhusu chumba, mimi si mshtakiwa na wewe si hakimu. Joto ni joto. Nilizoea kuuliza, sikuzoea kuulizwa.

Baba yako mkubwa

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:)

Mwanangu ni mimi mama yako mkubwa. Kanipa bahasha niipeleke posta nami naandika haraka hapa hapa kwenye foleni. Chumba cha juu hakina joto, kina ngazi. Ziko kumi na tatu, naye anakwama ya sita. Tukienda sokoni anasimama mbele ya kila tangazo ukutani analisoma mpaka mwisho, juzi kasoma tangazo la magauni ya maharusi mara mbili huku kashika kifua. Nikimwuliza, ananiambia mtu aliyesoma hapiti maandishi. Ukimwambia nimekwambia, mimi na wewe hatujuani.


29 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo,

Hakuna aliyeniambia kitu. Barua yako yenyewe ilikuwa na mistari saba, na mwandiko wako, ambao haujawahi kupinda tangu nikujue, umeshuka kulia kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Mimi nafanya kazi na mioyo, na mwandiko wa namna hiyo nauona kila wiki kwenye fomu za idhini.

Tafadhali nenda hospitali wiki hii. Usiwaambie una uchovu. Ukisema uchovu watakupa vitamini na kukuaga. Waambie hivi, neno kwa neno: "Kifua kinanibana ninapotembea, kinaachia ninaposimama." Wakuchunguze mishipa ya moyo kwa picha, si kwa kukusikiliza mgongoni tu.

Ulinifundisha kwamba mfanyabiashara anayeificha mizani yake uvunguni ana sababu. Nawe toka uvunguni.

Mama anauliza kwa nini nimenyong'onyea. Sijamwambia.

Binti yako


20 Mei

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, nawe utajua sababu. Sisi hatujambo kwa kadiri ya hali. Mama yako mkubwa amenenepa kwa furaha ya kusema "nilikwambia".

Nilikwenda. Niliyasema maneno yako kama ulivyoyaandika, na daktari aliacha kalamu na kunitazama. Ni kijana, kola yake ilikuwa imekunjika upande mmoja, nikajizuia kumwambia. Walinipiga picha za mishipa na kunionyesha kwenye kioo. Mshipa mkubwa wa mbele ya moyo una chokaa pande zote, nyeupe, kama bomba la maji ya kisima. Walijaribu kuufungua kwa puto siku hiyo hiyo. Puto likavimba huku na huku, na katikati likabaki limebanwa kama kiuno cha nyigu. Wakajaribu jingine lenye nguvu zaidi. Kiuno ni kile kile.

"Mzee," akasema yule kijana, "hapa kwetu tumefika mwisho."

"Mwisho wa nini?" nikamwuliza. "Wa vifaa, au wangu?"

Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sikucheka. Aliniandikia rufaa kwenda hospitali yenye leza. Niliposoma jina la hospitali, nilikuta ni yako.

Nitakuja, kwa sharti moja: mashine hiyo uishike wewe. Si mwenzako, si mkuu wako. Nimekuona ukijifunza kusoma. Najua macho yako hayaruki mstari. Nijibu upesi, kwa maana sasa hata kufunga kamba za viatu ni safari.

Baba yako mkubwa


8 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo,

Nimemwonyesha daktari wetu rufaa yako na zile picha. Wauguzi humwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku king'ora cha moto kilipolia. Amesema unafaa, na umepangiwa tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi.

Sharti lako haliwezekani. Kwetu hapa hakuna mfanyakazi anayemshughulikia ndugu yake mezani. Mashine atashika mwenzangu, dada mmoja tunayemwita Nahodha. Ni mzuri kuliko mimi, na hilo nalisema bila adabu ya uongo. Mimi nitakuwa nje ya mlango.

Nisingependa kukukumbusha, lakini umenilazimisha. Kanuni hii niliisikia kwako mara ya kwanza, kabla sijaijua hospitali: mkaguzi hakagui mizani ya ndugu yake, humpa mwenzake. Najua kwamba wewe mwenyewe uliivunja kwa baba, ulipokagua mizani ya duka lake. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka alama nyekundu kwenye mizani na watu wakipita dukani bila kuingia. Umesema siku zote kwamba ulifanya vile ili usiambiwe umempendelea. Mama hakukubali sababu hiyo, na mimi sikuchagua upande. Leo siyataki hayo. Nataka uje tu.

Binti yako


19 Juni

Mwanangu,

Sisi hatujambo.

Basi sitakuja. Sikatai kwa hasira. Nimefikiri. Mtu wa umri wangu akipata usingizi na dirisha lenye hewa hana la kudai zaidi. Tembe nilizopewa za kuweka chini ya ulimi zinanifaa. Nilitumia nne tu wiki hii.

Huyo Nahodha simjui.

Baba yako mkubwa


30 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nne "tu"?

Naona sitaeleweka nisipokueleza kinachofanyika mle ndani. Sote huvaa miwani ya kukinga macho, hata mgonjwa. Mlango hufungwa. Kabla ya mwanga daktari husema "maji", na msaidizi husukuma maji ya chumvi ndani ya mshipa ili kuondoa damu na ile dawa ya rangi tunayotumia kuonea njia. Rangi ikibaki, mwanga hupiga kwa nguvu kuliko tulivyopanga, na ukuta wa mshipa unaweza kuchanika. Kwa hiyo hakuna mwanga bila maji. Kisha daktari husukuma mrija polepole, pungufu ya milimita moja kwa sekunde, nami nahesabu kwa sauti. Sekunde kumi mwanga, tano pumziko. Hiyo ndiyo kazi yangu: kuhesabu bila sauti kubadilika, na kusema "simama" nikiona jambo.

Mwaka jana walimleta bibi mmoja amefunikwa hadi shingoni. Katikati ya hesabu akakohoa, nikaitambua sauti. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nilifika saba, nikanyamaza. Sikufanya kosa, ila nilinyamaza, na Taratibu akasimamisha kila kitu na kusema bila kugeuka, "Nahodha, chukua nafasi." Mwalimu alipona. Mimi nilitapika kwenye beseni la kuoshea mikono. Na yule hakuwa hata ndugu.

Sasa niambie mimi nitahesabuje juu ya moyo wako.

Na uniambie ukweli unaogopa nini. Nahodha hujamwona hata mara moja. Hawezi kuwa yeye.

Binti yako


10 Julai

Mwanangu,

Barua hii itakufikia baada ya tarehe kumi na nne. Ujue basi kwamba sikukosa nauli wala njia. Nimetaka usome kwanza.

Umeuliza ninaogopa nini. Nimeandika jibu mara tano, na nakala zote tano nimezichana, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Mwaka ule wa ukaguzi, maneno yalizagaa mtaa wa maduka kwamba Bwana Gramu, kama walivyoniita, atawabana wote na kumwacha mdogo wake. Mkuu wangu alitaka duka la baba yako apewe mwenzangu. Nikamwambia, hapana, nitalikagua mimi, tena nitaanza na hilo, watu waone. Nilikuwa na haraka ya kuonekana mnyoofu.

Kila Jumatatu mawe ya safari, yaani mawe ya kupimia tunayotembea nayo, hulinganishwa kwanza na mawe ya ofisini. Jumatatu ile sikuyalinganisha. Niliyachukua rafuni nikatoka, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kusimama milangoni wakinisubiri.

Niliweka jiwe la kilo ishirini juu ya mizani ya baba yako. Mizani ikasoma gramu thelathini zaidi. Nikarudia. Thelathini. Baba yako akasema, "Kaka, tazama vizuri, mizani hii niliipima mwenyewe jana." Nikamjibu mbele ya watu, "Kila mwizi ana jana yake." Nikapiga alama nyekundu, nikaifunga kwa lakiri isitumike.

Nikaenda duka la pili, la vyombo. Thelathini. Nikaenda la tatu, kwa muuza misumari. Thelathini. Hapo nikalishuku jiwe langu. Nikawaambia hao wawili kwamba nitarudi kesho, nikarudi ofisini nikilikumbatia jiwe kama mtoto. Nikalilinganisha. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya, nene, tabaka mbili. Mtunza ghala aliona mawe yamechakaa, akayapaka yapendeze kabla ya ukaguzi wa mwaka, na hakuyapima tena. Rangi nayo ina uzito. Nilikaa chini nikaibandua kwa kisu mpaka jiwe likarudi kilo ishirini kamili. Siku ya pili nikapima mtaa mzima kwa jiwe lililo sawa. Wote walifaulu.

Kwa baba yako sikurudi.

Nilijiambia kwamba nikirudi kuiondoa ile alama watasema, si tuliwaambieni? Nilijiambia nisubiri kidogo. Aliomba kupimiwa upya. Ombi lilikuja mezani kwangu, nami nikalitia chini ya mengine. Lilipomfikia mwenzangu miezi minne ilikuwa imepita, na duka lilikuwa limefungwa, kwa kuwa hakuna anayenunua unga kwa mwizi. Baba yako aliishi miaka sita baada ya hapo na hakuniita kaka tena. Nami nilimzika bila kumwambia.

Nilitaka mkono wako mezani kwa sababu nilifikiri hivi: ukikubali kunishika bila kujua haya, nitakuwa nimesamehewa bila kusema. Ulipokataa kwa kutumia kanuni ile ile niliyoivunja, sikupata pa kusimama.

Sasa umejua. Mama yako mkubwa naye amejua jana. Ananipikia, lakini hazungumzi nami.

Baba yako mkubwa


28 Julai

Mwanangu,

Sijapata jibu. Posta nimekwenda mara nne. Karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nimepaka mafuta bawaba za milango yote. Nimepanga upya vitabu, nikavipangua. Nikikaa natamani kusimama, nikisimama kifua kinaniamuru kukaa.

Sikudai msamaha. Nadai barua, hata ya matusi.

Baba yako mkubwa

(Pembeni, kwa penseli:) Sasa kifua kinambana hata akiwa amekaa. Mimi bado namkasirikia lakini nataka awepo nimkasirikie.


6 Agosti

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi ilinifikia tarehe kumi na tisa. Tarehe kumi na nne nilikuwa nimekusubiri langoni tangu saa kumi na mbili mpaka saa tano, nikiuliza kila teksi.

Niliisoma mara moja. Sikuirudia. Ijumaa iliyofuata nikaenda kwa mama, nikamsomea yote, na cherehani ilikuwa ikienda. Nilipofika kwenye rangi ikasimama. Nilipofika kwenye ombi lililotiwa chini ya mengine, akainuka akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo. Nikamaliza.

Kisha akasema, "Baba yako alikuwa akiipima mizani ile usiku na mchana. Miaka sita. Aliweka kila kitu juu yake, ndoo ya maji, matofali, mpaka wewe. Alifika mahali akaniuliza kama huenda kweli aliiba bila kujua."

Hilo nimeliandika ulijue.

Nikamwuliza anataka nini kwako. Akasema, "Alimwita mwizi mbele ya watu. Hao watu si wapo?" Akarudi kwenye cherehani.

Sasa lisikilize hili kwa makini. Umepangiwa tarehe 21 Agosti, saa mbili asubuhi, nafasi ya kwanza iliyopatikana. Tarehe hiyo haina sharti. Uje hata kama hutafanya neno la mama. Uje hata kama mimi sitakuwa nimekusamehe, na kwa leo sijakusamehe. Sitaki kamwe isemwe kwamba nilikushika kooni kwa moyo wako mwenyewe. Mshipa ni jambo moja, baba ni jambo jingine, na mimi siyaweki kwenye mizani moja.

Tarehe 18 uwe kwenye basi. Usibebe mzigo. Ukibanwa usiku, mpigie simu yule daktari kijana, na simu hiyo usiiandikie barua kwanza.

Binti yako


16 Agosti

Mwanangu,

Naandika nikiwa nimeegemea mto. Keshokutwa tunasafiri, mimi na mama yako mkubwa, ambaye jana alinisemesha. Alisema, "Sogea."

Nilianzia ofisini kwetu kwa zamani, kuandika maelezo ya kuifuta ile alama. Dirishani palikuwa na binti wa rika lako. Akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye kabati, akarudi akiwa na vumbi mkononi.

"Mzee wangu, majalada ya miaka hiyo yalikwisha kuteketezwa. Hakuna pa kufuta."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Mtu aliitwa mwizi."

"Kwenye karatasi zetu, mzee, hajaitwa kitu."

Basi nikaenda mtaa wa maduka. Mama yako mkubwa alinishika mkono, na kila hatua thelathini tulisimama. Safari hii sikusoma tangazo lolote. Muuza misumari bado yupo, ameota mvi na kupoteza jicho moja. Muuza vyombo amekufa, duka analo mwanawe. Nikawaomba wawaite wengine. Wakaja kama kumi na watano, wengi hawanijui. Nilikalia gunia, nikausoma ukweli wote kwa sauti, na tarehe, na uzito wa rangi, na neno nililomwambia mdogo wangu.

Kisha muuza misumari akasema, "Bwana Gramu, miaka kumi na tisa! Hata mizani iliyoota kutu ingekuwa imeshasema."

Mtu akacheka, wengine wakamkemea. Yule mzee akaendelea, "Siku ya pili ulipokuja na jiwe limebanduliwa rangi, mimi niliona mikwaruzo ya kisu. Nikajua. Nikanyamaza kwa sababu mizani yangu ilipita." Akavua kofia. "Niandike na mimi."

Nimemwandika. Karatasi ina sahihi yangu na yake, na imebandikwa kwenye mlango wa lililokuwa duka la baba yako. Sasa ni duka la kunyolea. Kinyozi amesema itakaa mpaka inyeshewe.

Sijui kama ndivyo alivyotaka mama yako. Usimwulize kwa ajili yangu.

Baba yako mkubwa


21 Agosti, ghorofa ya pili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Uko ghorofa ya nne, kitanda cha dirishani, nami nakuandikia kutoka ghorofa ya pili, kwa sababu bado sijaweza kukutazama usoni na kusema neno lililonyooka. Langoni jana tulisalimiana kama watu wa benki. Acha niseme kwa njia yako.

Asubuhi nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, mikono yangu nimeikalia. Sauti zinapita chini ya mlango ule. Nilimsikia Taratibu akisema "maji". Nikamsikia Nahodha akihesabu, moja mpaka kumi, sauti ikiwa kavu kama ubao. Pumziko. Maji. Moja mpaka kumi. Raundi ya tatu ilifika sita, akasema "simama". Sijui kama umewahi kusimama wima bila kujua umesimamaje. Nilishika kitasa. Nikakiachia. Mle ndani sikuwa na kazi.

Baadaye aliniambia ulikuwa umepandisha bega. Wakakuomba utulie, nawe ukamwuliza, "Umehesabu sita au saba?" Akakujibu, "Sita, mzee, na ukinikatiza tena naanza upya." Amesema hajapata kumpenda mgonjwa haraka hivyo. Raundi zilikuwa tano. Kisha puto likafunguka lote, kiuno hakipo, na wameweka kibomba cha wavu ili mshipa ubaki wazi. Daktari anasema damu inapita vizuri. Bado una tembe za kila siku na ngazi za kujifunza upya, na sitaki kusikia habari za joto. Mkono wa kulia usiukunje mpaka kesho. Kwa hiyo usinijibu.

Nimeketi hapa nikijiuliza kama nilifurahi. Mlango ulipofunguliwa na Taratibu akaniinamishia kichwa, nililia mpaka Nahodha akanivua miwani. Kwa hiyo nilifurahi. Hasira nayo haijaondoka. Vyote viwili vimo, na sijui vitakaa pamoja kwa muda gani. Nitapanda kukuona zamu yangu ikiisha, nikiweza. Nisipoweza leo, kesho.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya niandike haraka hivi. Mama yuko hapa. Hakuniambia kwamba anakuja. Alishuka basi la asubuhi na kufika mapokezi akauliza jina lako lote, na la babu pia, mpaka karani akachanganyikiwa. Amekaa nami saa nzima. Muuza misumari alimpigia simu juzi. Hilo ndilo pekee aliloniambia. Sasa hivi ameuliza namba ya kitanda, nami nimempa. Sijui atakachokwambia. Sikumwuliza, na yeye hakunieleza.

Muuguzi anayekuletea barua hii amemtangulia dakika chache tu. Mwambie akuinulie mto. Vaa shati.

Binti yako